Neno la Farmasi

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1997, kati ya kifungua kinywa na adhana ya mchana, nilipoteza jina alilonipa baba yangu. Niliamka naitwa Rajabu, nikalala naitwa Esansi, na mpaka leo hapa Nyakabiga, mtaa wetu wa Bujumbura, ukimwulizia Rajabu watu watakukodolea macho tu, lakini ukisema Muzee Esansi utapelekwa mpaka mlangoni. Sikulogwa wala sikusingiziwa. Wala si vita vilivyofanya, ingawa siku zile tulivisingizia vita kila kitu, hata maziwa yakichacha. Aibu hii niliiandika mwenyewe, kwa makaa, kwa herufi kubwa.

Ili mnielewe, nianze na mke wangu Zaituni na sufuria yake. Mimi nilikuwa mpakiaji bandarini, nikibeba magunia kutoka kwenye meli za Kigoma, na ilipokuja ile ambargo (nchi jirani walipotufungia mipaka) meli zikapungua mpaka nikawa nakwenda bandarini kutazama maji tu na kurudi. Zaituni ndiye aliyetulisha. Alijifunza kwa jirani yetu Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu, kupika majani ya mkaratusi na mchaichai mpaka yatoe mafuta yake ya ndani, yale yenyewe makali yanayobeba harufu. Alikuwa na sufuria kubwa iliyotobolewa kifuniko, na juu ya tundu akapachika kibomba cha shaba kilichopita ndani ya ndoo ya maji baridi, na mwisho wa kibomba aliweka chupa, na hapo tone moja lilianguka, tukasubiri, likaanguka jingine. Gunia zima la majani lilitoa mafuta ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Majani aliletewa na wanawake waliouza kuni, wakiteremka nayo kutoka milimani siku ambazo milima ilipitika. Chupa alipewa bure na Mwarabu mmoja wa mjini aliyeuza marashi, zile ndogo zilizokwisha, na Zaituni alizichemsha na kuzipanga juani kama meno.

Nyumba yetu ilinukia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Mji mzima siku zile ulinuka moshi na hofu, lakini ukiingia uani kwetu ulikuta harufu ya majani yaliyotoka kunyeshewa, na Zaituni amekaa kwenye kigoda, kitenge amekifunga kifuani, anahesabu matone kwa midomo bila sauti.

Farmasi zilikuwa tupu, kwa hiyo watu walikuja kwake. Mwenye mafua alimpa matone matatu kwenye maji ya moto, ajifunike blanketi na kuvuta mvuke. Mwenye fangasi za miguu alimchanganyia mafuta ya mchaichai ndani ya mawese, maana peke yake yanaunguza ngozi. Mwenye jino alimpa pamba ya karafuu. Kidonda kidogo alikiosha kwanza kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, ndipo akapaka. Lakini akiona kidonda kirefu, au mtu ana homa, alimfukuza. “Nenda kwa dagitari,” alisema. “Dawa yangu inapiga kidudu iko inje. Yenye imeingia ndani haiogopi harufu.” Nilimsikia akiyasema hayo labda mara mia, na ndiyo maana yaliyofuata ni aibu yetu wawili, si yangu peke yangu.

Ijumaa iliyotangulia Jumanne ile alikanyaga kipande cha bati uani. Kikaingia chini ya unyayo. Akakitoa, akaosha kwa maji ya chumvi, akapaka mafuta yake, akafunga kitambaa. Jumapili mguu ulikuwa umevimba. Jumatatu alikuwa na mtoki, ile tezi ya kwenye nyonga inayouma mguu ukiharibika, na alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Nikamwambia twende hospitali. Akasema kesho. Nikasema kwa nini kesho? Akajibu, “Baba, watu wakiniona mi naenda kuchomwa sindano, nani atanunua tena dawa yangu?” Nami (nasema ukweli, sina sababu ya kujipamba) sikumbishia. Nilijua ana hofu, nilijua mimi sina kazi, nikakubali ile kesho.

Tatizo likawa hawezi kwenda sokoni na kikapu chake, na chupa kumi na moja zimejaa. Hapo ndipo mimi, niliyesoma mpaka darasa la sita na kujivunia hati nzuri, nilipopata wazo. Jumanne asubuhi nikachukua katoni ya sabuni, nikaipasua, nikachukua kipande cha makaa.

“Unaandika nini?” aliniuliza toka kitandani.

“Tangazo. Kama wewe huendi kwa wateja, wateja watakuja kwako.”

“Andika tu mafuta ya mikaratusi.”

“Mafuta!” Nikacheka. “Mama, mafuta ni mawese. Mafuta ni ya kukaangia samaki. Mafuta ni ya kupaka mutoto. Mutu wa dawa anataka neno la farmasi.”

Na neno la farmasi nilikuwa nalo. Tulikuwa na kichupa cha zamani, cha kabla ya vita, kimeandikwa kwa Kifaransa *Essence d’eucalyptus*, na kwangu mimi maneno yale yalikuwa na koti na tai. Zaituni akasema, “Esansi si ni ya motokaa?” Nikamjibu kwamba neno lina ndugu yake nyuma, mtu akisoma yote mawili ataelewa. Akageukia ukutani. Mguu ulikuwa unamwuma, hakuwa na nguvu za kubishana na msomi.

Nikaandika. ESSENCE. Herufi zilinipendeza sana, nikazinenepesha, zikala katoni karibu yote. Yule ndugu yake ikabidi akae chini, kwa herufi ndogo, pamoja na magonjwa. Nikatundika kwenye msumari wa mlango unaotazama barabara. Kisha, kwa kuwa mke wangu yu kitandani, nikafua nguo zake (sikuwahi kufua nguo za mwanamke tangu nizaliwe, na nilitaka majirani wasinione), nikafunga kamba haraka kutoka msumari uleule mpaka kwenye mti wa mpapai, nikaanika. Kitenge chake cha njano kikaning’inia kikaifunika nusu ya chini ya tangazo. Mimi sikuona. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye kigoda, mguu juu ya mguu, nasubiri wagonjwa.

Sasa kumbukeni siku zile zilivyokuwa. Petroli, ambayo kwetu ndiyo esansi, ilikuwa adimu kuliko dawa. Ilivuka ziwa usiku kwa mabidoni, yaani madumu, ikauzwa kwa kificho majumbani, na aliyekamatwa nayo na wasolda (wanajeshi) alijuta. Wenye taksi walisukuma magari yao kama mikokoteni. Na mimi nimekaa mchana kweupe chini ya herufi zile.

Wa kwanza alikuwa kijana wa taksi anaitwa Bosco, anavuja jasho.

“Muzee, hii neno ni kweli?”

“Ni kweli. Mi nadanganya watu kwa nini?”

“Iko?”

“Iko. Imepikwa wiki hii.”

“Imepikwa?”

“Na bibi yangu. Hapo nyuma, na sufuria.”

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akateremsha sauti (baadaye aliniambia alidhani nasema kwa mafumbo, kama walivyofanya wote wenye biashara ile). “Sawa, muzee. Nimesikia.”

Nikamwuliza kama Zaituni alivyokuwa akiuliza: “Mugonjwa iko na nini?”

Akacheka. “Mugonjwa! Mugonjwa yangu inakohoa, inakohoa, halafu inazimika.”

Msomaji wa pwani angeshtuka hapo hapo, maana kwao mtu anakohoa na gari linakohoa, kila mmoja na herufi yake. Lakini sisi Bujumbura kila kitu “inakohoa”, bibi na motokaa sawasawa.

“Pole sana,” nikasema. “Inatembea?”

“Kama ilikuwa inatembea mi ningekuja kwako? Tunaisukuma toka jana.”

“Munaisukuma!” Huruma ikanipanda. “Ni muzee sana?”

“Ee. Baba alikufa akaniachia yeye.”

Mama wa kambo, nikawaza, maskini. Nikamletea chupa. “Matone matatu mu maji ya moto. Umufunike blanketi.”

“Matatu?” Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. “Leta chupa zote uko nazo.”

“Chupa zote zitamwua!”

“Haiwezi kufa, muzee. Ni Mujapani.”

Mama wa kambo Mjapani, Nyakabiga! Hapo ndipo ningepaswa kusimama na kufikiri. Lakini alikuwa mteja wangu wa kwanza, na hakuomba kupunguziwa bei. Akafungua kizibo, akanusa, macho yakamtoka.

“Mumetia majani ndani ili wasolda wasinuse! Muzee, wewe ni profeseri.”

Nikadhani ananisifu kwa elimu. Nikamshukuru.

Akaondoka na chupa mbili, ndipo pesa zake zilipofikia, akapinda kona, na muda si muda nikasikia gari likipiga chafya. Chafya, si mlio mwingine. Mara ya pili, ya tatu, kisha likawaka, likapita mbele yangu likitoa moshi mweupe wenye harufu ya mkaratusi, Bosco akipunga mkono dirishani, likaenda mpaka karibu na msikiti ndipo likazima. (Fundi mmoja aliniambia baadaye kwamba bila shaka ilibaki petroli kidogo chini ya tangi.) Lakini waliosimama barabarani waliona jambo moja tu: gari lililokufa jana limefufuka mlangoni kwa Rajabu.

Walikuja mbio. Kabla sijafunga mdomo uwanja umejaa mabidoni ya njano, wenye taksi, wenye pikipiki, na dereva wa lori kutoka mtaa wa viwanda aliyepaza sauti, “Na mazutu iko?”, maana lori lake lilikunywa dizeli. Mimi nauliza, “Mugonjwa iko na nini?” na wao wanacheka, wanapigana mabega, “Iko na kiu!” Mama mmoja wa jirani aliyekuja kweli kwa ajili ya kikohozi cha mwanawe alisukumwa mpaka kwenye mpapai. Nilipoanza kuelewa, nikasema, “Ndugu zangu, apana, hii ni ya kifua,” na mtu akajibu, “Na sisi tunaipenda na moyo wote!”

Ndipo kukawa kimya kutoka nyuma kwenda mbele. Gari la wanajeshi lilikuwa limesimama. Akashuka sajini, mtu mrefu, na askari wawili. Watu walipotea na mabidoni yao wasijulikane walikopita, lakini hawakwenda mbali. Walisimama kwenye kona, kutazama.

Sajini akasoma mlango wangu polepole. “Essence.” Akanigeukia. “Wewe ni wazimu, ao unatuzarau?”

“Shefu, ni dawa.”

“Dawa ya motokaa.”

“Dawa ya watu, shefu.”

“Toa.”

Nikatoa beseni lenye chupa tisa. Akachukua moja, akanusa, akakunja uso. Akamwaga kidogo juu ya tambara, akaomba kiberiti. Mimi sikujua. Wallahi sikujua. Zaituni hakuwahi kuniambia kwamba mafuta yale yanashika moto. Tambara likawaka bluu, kisha njano, kwa furaha kabisa.

“Inawaka!” wakapiga kelele kwenye kona.

“Inawaka,” akasema sajini, bila furaha.

Siku zile mtu akipakiwa kwenye gari lile, nyumbani walianza kuulizana. Nikakumbuka mstari wa chini wa tangazo. “Shefu, soma yote, ngoja usome yote!” nikasema, nikaruka kuondoa kitenge, nikakivuta kwa nguvu za mpakiaji wa bandarini. Kitenge hakikutoka. Msumari ndio uliotoka. Kamba nzima ikaanguka, na nguo za ndani za mke wangu, zote nilizozianika nikiwaficha majirani, zikamwangukia sajini, sketi ya chini begani, na moja (siitaji) ikaning’inia kwenye kofia yake.

Hakuna aliyecheka.

Sajini aliitoa kwa vidole viwili, akanikabidhi. Kisha akainama, akaokota katoni, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mwalimu anayesahihisha: “D’eukalip… tusi. Ya kifua. Ya fangasi. Ya vidonda. Ilio safi.” Akanitazama. “Nani amekufundisha kuandika?”

“Nilifika la sita, shefu.”

Ndipo kona yote ikapasuka kwa kicheko. Watu walishikana ili wasianguke. Bosco alikuwa amekaa chini barabarani. Sajini mwenyewe alibana midomo mpaka masharubu yakatetemeka, na mimi nilisimama na nguo ile mkononi, nikaona bora angenipakia.

Katika kicheko kile mlango ukafunguka. Zaituni alisikia neno “shefu”, akasikia kelele, akajua wananichukua. Alitoka akijishika kwenye mpini wa ufagio, kitambaa kimemfunguka mguuni, na kicheko kikakatika kama kimechinjwa. Mchana ule wa jua niliuona mguu wa mke wangu kama nisivyowahi kuuona ndani ya chumba chenye giza. Ulikuwa mweusi chini, unang’aa juu, na mstari mwekundu umepanda kupita kifundo.

“Musimuchukue,” alisema. “Dawa ni yangu mimi.”

Sajini akautazama mguu, akatazama katoni aliyoishika. “Mama, hapa imeandikwa ya vidonda.”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Na hii ni nini?”

Zaituni alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya mtaa wote uliomnunulia dawa angeweza kusema lolote. Alisema, “Dawa yangu haifiki huko. Mi nilijua toka juzi.”

Hiyo ndiyo aibu kubwa ya siku ile, na aliibeba amenyooka, wakati mimi wa herufi kubwa nilikuwa natazama chini.

Sajini akaita, “Nani iko na taksi?” Wote wakamwonyesha Bosco. “Peleka mama hospitali. Sasa hivi.”

“Shefu,” Bosco akasema karibu na kulia, “sina esansi.”

Askari mmoja akaleta mpira, akafyonza petroli kutoka kwenye gari lao mpaka ikamwingia mdomoni, akatema, akalaani, wakajaza bidoni moja. Tukampakia Zaituni kiti cha nyuma. Njia nzima mpaka hospitali ile Mjapani ilinuka kama mtu aliyepakwa dawa ya mafua, na Bosco, nikiisha kumweleza nilivyodhani, akawa ananung’unika, “Mama wa kambo! Eti umufunike blanketi!” na Zaituni, homa imempanda, machozi yakimtoka, alicheka. Alishika mkono wangu akacheka.

Walimpasua unyayo siku ileile, wakatoa usaha kikombe kizima, wakamdunga sindano kwa siku nyingi. Muuguzi aliniuliza nani alikuwa anapaka mafuta. Nikasema mwenyewe. Akasema juu pamekaa safi, lakini kilichokuwa kinamla kilikuwa chini, na tungekawia kidogo wangeukata mguu. Nilitoka nje nikakaa ukutani.

Alipona, akabaki na kuchechemea kidogo. Nilidhani watu hawatanunua tena, lakini walikuja zaidi, kwa sababu alipowaambia “hii nenda kwa dagitari” sasa walimwamini mara moja, walikuwa wameuona mguu. Hata wenye taksi walinunua, wakatia matone mawili kwenye pamba na kuiweka mbele ya usukani, kwa utani kwanza, kisha kwa mazoea, na kwa miaka ile mibaya kulikuwa na taksi Nyakabiga ambazo ukipanda ulisahau kidogo mji ulivyonuka. Meli zilirudi, nikarudi bandarini. Vita navyo vikaisha polepole, kama sufuria inavyopoa. Mimi tangu siku ile sijaandika tangazo lolote, hata la nyumba ya kupangisha, na mtu akiniambia neno dogo linatosha, namsikiliza.

Zaituni alinitoka mwaka jana, kwa ugonjwa wa moyo, baada ya sala ya alfajiri. Hakuwa na kidonda chochote. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa mkekani, na kila aliyekuja aliniambia maneno ambayo huambiwa mfiwa, nami nikaitikia kwa kichwa. Bosco akaja. Kichwa chake sasa cheupe. Akakaa kando yangu bila kusema pole. Kisha akaniinamia sikioni, akateremsha sauti, akatazama kulia, akatazama kushoto.

“Muzee. Esansi iko?”

Nilicheka. Mbele ya masheikh, mbele ya shemeji zangu, nilicheka kwa sauti, na watu wakageuka kunitazama, mfiwa gani huyu.

“Iko,” nikamwambia.

Nikainuka, nikaingia chumbani. Ilibaki chupa moja, nusu. Nikamletea. Akafungua kizibo, akanusa ile harufu ya uani kwetu, akafunga, akanirudishia mkononi.